UZI: Mafuta yakiadimika mnasema ifutwe ushuru wa gesi ya kupikia. Sisi wa Mtwara shida yetu ni barabara

#1 – Mleta uzi (Mtwara mjini)

Wakuu habari za saa hizi, poleni na majukumu. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie, nauandika kwa simu hapa dukani nikisubiri mzigo ambao ulitakiwa uwe umeingia toka juzi.

Kila mafuta yakianza kusumbua hapa nchini, iwe dola hazipo au meli imechelewa au huko Ghuba kumechafuka, kuna wazo moja huwa linarudi, kwamba serikali ifute ushuru wa kuingiza gesi ya kupikia ili mwananchi apumue. Nililisikia 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha bei mpaka serikali ikatoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi kwenye mafuta, nikalisikia 2023 ule mwezi wa saba na wa nane sheli zilipokuwa zinafungwa saa nne asubuhi, na wiki hii tena kijana mmoja kaja kubadilisha mtungi mdogo ananiambia mzee si muombe muondolewe ushuru mtushushie hata elfu tano. Nikamwambia kaa nikueleze lakini alikuwa na bodaboda inamsubiri nje. Kwa hiyo nawaeleza nyie.

Mimi nauza gesi ya mitungi hapa toka 2017. Mtungi mdogo wa kilo 6 leo nauza 26,000, Dar wenzangu wanauza 23,000 au 24,000, na hiyo tofauti watu wengi wanadhani naila mimi. Ukweli ni kwamba mtungi wangu unashuka melini Dar, unajazwa Dar, halafu unapandishwa kwenye fuso unakuja kilomita 560 mpaka Mtwara, na ile mitupu inarudi njia hiyo hiyo. Sasa mafuta yakiadimika nchini kinachokauka kwanza ni dizeli ya hiyo fuso. Gesi ipo Dar imejaa kwenye matenki, mimi hapa sina hata mtungi mmoja.

Niwape mfano nilioushuhudia kwa macho yangu. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi–Dar ilikatika maeneo ya Somanga, maji yalibeba barabara yakaacha shimo, magari yakalala pande zote mbili. Fuso yenye mzigo wangu ilikuwa upande wa Dar. Dereva ananipigia anasema bosi nayaona magari ya upande wenu lakini hakuna pa kupita. Dukani nilikuwa na mitungi midogo 11 na mikubwa miwili. Siku ya pili ikabaki mitatu. Siku ya tatu asubuhi akaja mama mmoja mteja wangu anapika chapati na maandazi karibu na stendi, kabeba mtungi kichwani juu ya ngata, kautua pale kwenye ngazi, akautikisa nisikie mwenyewe kwamba hamna kitu, akasema baba nimekanda unga kilo kumi alfajiri nikijua kwako sikosi. Mtungi wa mwisho nilikuwa nimeuza jana yake usiku. Nilisimama pale sina cha kumwambia. Akaubeba tena kichwani akarudi nao, na wiki nzima ile alipikia mkaa, nikipita jioni namkuta macho mekundu, na mkaa wenyewe ulikuwa umelowa.

Sasa niambieni, siku ile ushuru ungefutwa hata mara kumi, ule mtungi ungevuka Somanga?

Hoja yangu ni moja. Kwa watu wa kusini kufuta ushuru wa gesi hakutusaidii mafuta yakiadimika. Kinachoweza kutusaidia ni gesi ya mtungi ishushwe bandari ya Mtwara kama petroli na dizeli zinavyoshushwa, na ile gesi yetu inayochimbwa Mnazi Bay hapa Mtwara iingie majumbani kwa bomba kwa kasi kuliko ilivyo sasa. Karibuni tujadili, ila matusi hapana.

#2 – Mama lishe, Mnazi Mmoja Lindi

Kaka umenigusa kabisa. Mimi nipo hapa Mnazi Mmoja njia panda, napikia madereva na abiria, natumia mitungi mikubwa miwili ya kilo 15 kwa zamu, mmoja ukiisha naunganisha mwingine natuma mtupu ukabadilishwe. Mwaka ule wa Hidaya yote miwili iliisha ndani ya siku mbili nikarudi kwenye mafiga. Kopo la mkaa nililozoea kununua 1,000 nikauziwa 1,500 na halijajaa, maana waliokuwa na gesi wote tulikimbilia huko huko kwa mpigo mmoja.

Na kitu ambacho wanaume hawakijui ni muda. Kwa gesi naamka saa kumi na moja, saa kumi na mbili na nusu chai na supu vipo mezani. Kwa kuni nilikuwa naamka saa tisa usiku na bado basi la kwanza linanipita sijaivisha. Kwa hiyo mtu akisema gesi imekosekana wiki moja tu mvumilie, ajue hiyo wiki moja mimi nimepoteza mauzo ya asubuhi yote, na mkopo wa kikundi haujui kama kuna kimbunga.

#3 – Mchangiaji (Dar)

Samahani mleta uzi, nauliza kwa nia njema. Nyie si ndo wenye gesi? Bomba limetoka kwenu limekuja huku, Kinyerezi inazalisha umeme kwa gesi yenu, bajaji za huku zinatembelea gesi yenu. Sasa inakuaje mtu wa Mtwara anasubiri gesi itoke Dar? Kwa nini msijaze tu mitungi hapo hapo kwenye mtambo wa gesi wa Madimba?

#4 – Mleta uzi

Mkuu swali lako ni zuri na hata huku nyumbani watu wanaliuliza kila siku, nami nilikuwa sijui mpaka nilipoelekezwa na fundi mmoja wa mitambo.

Ni gesi mbili tofauti. Ya kwetu, ile ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 kule Kilwa na ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982 huku Msimbati, ni gesi asilia, na ya kwetu karibu yote ni methane tupu. Methane huwezi kuigeuza maji kwa kuibana tu kwenye mtungi wa kawaida, lazima uipoze mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri ndo iwe kimiminika, na huo ndo mradi mkubwa wa Likong'o Lindi tunaousikia miaka yote. Au uibane kwa presha kubwa sana, kama bar 200, ndo hiyo ya magari na bajaji, na mtungi wake ni mnene na mzito haswa.

Ya kwenye mtungi wa jikoni ni propane na butane. Hizo ukizibana kidogo tu zinakuwa maji, ndo maana ukitikisa mtungi unasikia maji yanacheza ndani. Zinatoka kwenye visima vyenye gesi nzito na kwenye viwanda vya kusafisha mafuta, na sisi viwanda hivyo hatuna, na gesi yetu ni kavu haina hizo nzito za kutosha. Kwa hiyo gesi inayopita chini ya ardhi hapa Mtwara kwenda Dar na gesi inayorudi na fuso kutoka Dar kuja Mtwara zinapishana njiani, na hazifanani.

Ndo maana hata jiko lake linataka kubadilishwa tundu la kichomeo, usije ukachukua jiko la mtungi ukaliunganisha na bomba la gesi asilia hivi hivi.

#5 – Wakala wa forodha

Wacha niongezee kwenye upande wangu wa kazi. Watu wanasema "wafute ushuru wa forodha kwenye gesi" bila kuangalia kitabu. Ushuru wa forodha hatujipangii peke yetu, upo kwenye viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambavyo toka Julai 2022 vina ngazi nne, 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na gesi ya kupikia ipo kwenye sifuri. Sifuri ukiifuta inabaki sifuri.

Bei ya mtungi inaanzia huko nje. Kila mwezi Saudi Aramco wanatangaza bei yao ya propane na butane na soko la kwetu linafuata humo, unaongeza nauli ya meli, bima, unaongeza dola maana hakuna anayekuuzia kwa shilingi, halafu bandari, tenki, kujaza, ndo unafika kwenye fuso ya mleta uzi. Ukitaka kupunguza bei shika hapo kwenye meli na dola. Meli kubwa ikishusha kwa mkupuo nauli ya kila tani inapungua, meli ndogondogo zinakula hela.

Mwenye shaka aangalie Sri Lanka 2022. Ile nchi iliishiwa dola, mwezi wa nne wakatangaza hawalipi madeni ya nje, watu wakawa wanapanga mitungi barabarani mistari mirefu, na kuna meli za gesi zilikuwa zimetia nanga nje ya bandari zinasubiri kulipwa. Gesi ilikuwepo pale pale baharini, haikushuka kwa sababu ya malipo.

#6 – Mchangiaji

Mimi napingana na nyie kidogo. Mnaongea kama vile kodi haina maana. Kenya waliweka VAT ya 16% kwenye gesi Julai 2021, kelele zikawa nyingi, Julai 2022 wakashusha hadi 8, na Julai 2023 wakaiondoa kabisa pamoja na zile ada za reli na za tamko la bidhaa. Nigeria nao mwishoni mwa 2023 wakaondoa ushuru wa kuingiza gesi ya kupikia na VAT kwa pamoja. Hizo serikali zote mbili hazikukurupuka. Kwenye dharura serikali inashika kile inachokifikia kwa kalamu, kujenga bandari ni miaka. Mtu anayelala njaa leo unamwambia subiri gati?

#7 – Mchangiaji (niliwahi kuishi Lagos)

Mkuu wa #6 hoja yako naiheshimu ila hiyo ya Nigeria niliishuhudia kwa sehemu, nilikuwa kule kwa biashara. Ushuru waliufuta kweli, Novemba 2023. Lakini kabla ya hapo, Juni 2023, walikuwa wameiachia naira, hela yao, ipangwe na soko, dola ikatoka kwenye mia nne na sitini hivi ikaenda mpaka zaidi ya 1,500 ilipofika Februari 2024. Kwa hiyo gesi ambayo haina ushuru ikawa inanunuliwa kwa naira mara tatu. Kilo moja ikavuka naira 1,000 mwanzoni mwa 2024 na mwenye nyumba niliyepanga kwake, mama wa makamo, akahamishia jiko la mkaa uani. Ushuru ulifutwa na mama akahamia mkaa, vyote ndani ya miezi minne.

Na wale wana gesi nzito, kiwanda chao cha Bonny kinatoa propane na butane na wanaziuza ndani ya nchi. Sisi hiyo hatuna. Kwa hiyo tusichukue dawa yao nusu.

Kenya ni tofauti, pale kodi ilikuwepo kweli, 16 kwa mia si mchezo, wakiitoa lazima mtu aone nafuu. Kwetu wakala wa #5 kashasema ushuru wa forodha ni sifuri.

#8 – Dereva wa fuso

Salaam wakuu. Mimi ndo naendesha hizo gari mnazozisema, njia ya Dar Mtwara naijua shimo kwa shimo. Ngoja niwape hesabu maana naona mnazungumza dizeli bila namba.

Kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,120. Gari langu likiwa na mzigo lita moja natembea kilomita 3 na nusu hivi, kwa hiyo ni lita 320 safari nzima. Lita ikiwa 3,000 hiyo ni 960,000. Nikibeba mitungi midogo 500, mmoja ukijaa una kilo kama 13 na chuma chake, kila mtungi unalipia dizeli 1,920. Na mjue kurudi nabeba mitupu tu, siwezi kupakia korosho juu ya mitungi, kwa hiyo hata safari ya kurudi inalipwa na gesi. Weka na mimi, utingo, tairi, mizani, ndo hiyo elfu mbili hadi tatu ya mleta uzi inaisha.

Sasa kuhusu kodi. Ile tozo ya shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa Julai 2023, kwa lita 320 ni 32,000, gawa kwa mitungi 500 unapata shilingi 64. Sitetei kodi, nailipa na inaniuma, lakini kwenye mtungi wa mama hiyo ni shilingi 64.

Kinachoua ni siku. Agosti 2023 nililala Nangurukuru siku mbili nasubiri dizeli. Sheli inakwambia lita 50 tu kwa gari, unasogea sheli nyingine wanakwambia imeisha. Kwa siku mbili nimekula, nimelala, tajiri anapiga simu, Mtwara hakuna gesi, na nikifika sifanyi safari tatu kwa wiki mbili nafanya moja na nusu. Hapo mwenye duka akiwa na tamaa anapandisha elfu tano na watu wananunua kwa sababu hawana pengine. Hiyo elfu tano haijatoka kwenye ushuru wala kwenye dizeli, imetoka kwenye ule uhaba.

#9 – Mleta uzi

Dereva Mungu akubariki, hii namba ya 64 nilikuwa siijui. Na hiyo ya kupandisha nakiri ipo, wapo wenzangu walifanya 2024. Mimi sikupandisha, lakini pia sikuwa na mzigo wa kupandishia.

#10 – Mchangiaji (Mtwara, nyumba yenye bomba)

Naomba na mimi nitoe ushuhuda. Nipo kwenye zile nyumba chache hapa mjini zilizounganishwa na gesi ya bomba ya TPDC, lile shirika la mafuta la taifa. Kuna mita ukutani nje, bomba linaingia jikoni, nafungua koki napika. Siku za Hidaya mke wangu hakujua kama kuna shida mpaka jirani alipokuja kuomba achemshe maziwa ya mtoto. Siku ya tatu jikoni kwetu kulikuwa na sufuria sita za watu wa mtaani, mwingine kaleta maharage yamelowekwa toka jana, wanasubiriana kwa zamu kwenye plate mbili. Mtoto wangu wa darasa la nne akawa anaandika majina kwenye daftari nani anafuata.

Ile gesi imetoka Msimbati kama kilomita arobaini tu hapa, haikupita Somanga, haikuhitaji dizeli, haikuhitaji meli. Ninachojiuliza ni kwa nini bomba limeishia mtaa wetu. Wale waliokuja na sufuria wapo mita mia mbili kutoka kwangu.

#11 – Mzee wa Mikindani

Wanangu shikamooni huwa hamsemi humu lakini nawaitikia marahaba. Mimi nimeona mengi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake ikaribiane na ya dizeli, kwa sababu watu walikuwa wanachakachua dizeli kwa mafuta ya taa. Nia ilikuwa njema. Lakini hapa Mikindani kila nyumba ilikuwa na jiko la utambi, na ndani ya mwaka yale majiko yakawa yanahifadhia kuku wakitamia. Watu wakaingia mkaa, na miti ya upande wa Naliendele na kule juu ilipungua mnaiona. Kwa hiyo msiseme kodi haina nguvu. Kuhamisha watu jikoni inaweza, tena haraka sana, tatizo ni kwamba huwa inawahamishia kwa mkaa, kuwarudisha ni kazi.

La pili. Mei 2013 watu walikufa katika mji huu kwenye vurugu za kupinga gesi isipelekwe Dar kwa bomba. Tuliambiwa bomba likishajengwa faida tutaiona. Bomba likazinduliwa Oktoba 2015, kilomita 542, nikaishi nikaliona. Sisemi hakuna kilichofanyika, kiwanda cha saruji cha Dangote kinatumia gesi yetu na vijana wamepata kazi. Lakini jikoni kwangu, mimi niliyeko hapa toka mwaka 1961, bado nategemea fuso ya huyo kijana dereva.

#12 – Mchangiaji wa #6

Mzee marahaba... samahani, shikamoo. Umeongea na nimekuelewa. Nakubali ushuru wa forodha kwenye gesi yenyewe hakuna cha kufuta. Ila nina swali kwa mleta uzi na naomba ujibu kweli, usiruke. Petroli inashuka Mtwara, EWURA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatoa bei ya Mtwara kivyake. Lakini 2023 petroli ilikauka mpaka huko kwenu, si ndiyo? Meli inashusha kwenu na bado mlipanga foleni. Sasa hiyo meli ya gesi unayoitaka itakuokoa na nini?

#13 – Mleta uzi

Mkuu hilo swali limenikalisha tangu jana usiku, ndo maana nimechelewa kujibu.

Ni kweli, 2023 tulipanga foleni na meli tunayo. Ugonjwa wa mwaka ule ulikuwa dola, na dola ikikosekana meli haiji Dar, haiji Tanga, haiji Mtwara. Siwezi kudanganya kwamba gati la Mtwara lingetibu hilo. Ila tutenganishe magonjwa. Kuna uhaba wa dola, huo unatupiga nchi nzima sawasawa. Na kuna uhaba wa njia, huu unatupiga sisi peke yetu, na huwa unakuja juu ya ule wa kwanza. Dar akikosa wiki moja sisi tunakosa mbili, kwa sababu mzigo ukifika wanamalizia kiu yao kwanza halafu dizeli itafutwe, halafu barabara iwepo. Mvua za masika zikikuta barabara imekatika tunakosa hata pale ambapo nchi nzima ina gesi, kama 2024.

Petroli ya Mtwara haikutuokoa na dola, lakini mvua ikikata Somanga leo, petroli iliyo kwenye matenki ya hapa bandarini inabaki kuwa yetu, Lindi na Ruvuma nao wanapata. Gesi ya mtungi haina tenki huku upande wangu, haina akiba, akiba yangu ni mitungi iliyopo dukani. Bandari yetu ina kina kirefu cha asili, gati jipya la mita 300 lipo, msimu wa korosho meli zinapishana na baada ya hapo kuna miezi linapumua. Naomba tenki lenye akiba ya wiki tatu nne. Hata serikali ikitaka kusamehe kitu, isamehe tozo za bandari kwa meli ya gesi itakayokubali kushusha Mtwara badala ya Dar, hapo ndo msamaha utafika jikoni maana unaiondoa fuso kilomita 560.

Halafu sikutaka kulisema hili kwenye posti ya kwanza lakini naona nilisemee kabla mtu hajaumia. Gesi ikiadimika watu wanaanza kuhamishiana, wanauinamisha mtungi mkubwa juu ya mdogo na mpira wa kuunga wanajaza kienyeji. Nimeletewa dukani mtungi mdogo uliojazwa hivyo, nikaupima, ulikuwa umezidi uzito wake wa kujaa karibu kilo moja na nusu. Mtungi huwa haujazwi mpaka juu, lazima ibaki nafasi, gesi ikipata joto inatanuka, usipoacha nafasi chuma kinaelemewa. Na hii gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu itoke dirishani, inatambaa chini sakafuni kama maji, inakwenda kulitafuta jiko la mkaa la jirani. Niliufungulia nje uwanjani taratibu mpaka ukafika uzito wake huku kila mtu kazima simu. Yule jamaa alikuwa ameulaza chumbani wanapolala watoto.

Ukinunua mtungi kwa mtu yeyote, mwambie aweke kwenye mzani mbele yako. Uzito mtupu umechongwa juu kwenye ile kola ya chuma, toa kwenye uzito wa mzani, ibaki 6 au 15. Kwangu mzani upo mlangoni.

#14 – Mchangiaji (Kilwa Masoko)

Mleta uzi mimi sina cha kuongeza kwenye meli ila nauliza, hii ya bomba la majumbani mnaiombaje? Sisi Songo Songo ipo wilaya yetu hii hii, gesi inatoka pale kwenda Dar toka 2004 na mama yangu mpaka leo anaagiza mkaa wa boti.

#15 – Mchangiaji (nyumba yenye bomba)

Mkuu wa Kilwa, kwetu ilianza na orodha ya mtaa. Walipita kupima umbali kutoka bomba kubwa, nyumba ikiwa mbali sana gharama ya mabomba madogo inakuwa juu wanairuka. Nyumba zikiwa zimebanana na zote zimekubali ndo inakuwa rahisi. Kwa hiyo msiende mmoja mmoja, nendeni serikali ya mtaa muandikwe mtaa mzima, na muwe tayari kuacha njia ya kuchimbia maana kuna jirani alikataa uzio wake usiguswe na nyumba nne nyuma yake zikakosa.

#16 – Mleta uzi

Hiyo ya orodha naibeba. Jumamosi kuna kikao cha mtaa wetu saa nne, nimeshaongea na mama wa chapati na majirani wengine kumi na saba, tunakwenda na majina. Na swali la tenki bandarini tutaliandika kwa mbunge kwa maandishi, siyo kwa mdomo.

#17 – Mama lishe, Mnazi Mmoja Lindi

Na mimi wa barabarani mnanisahau, bomba kubwa linapita huku kwetu pia. Dereva uko wapi sasa? Mtungi wangu wa pili umeanza moto wa njano toka mchana.

#18 – Dereva wa fuso

Dada nipo Somanga, njia inapitika upande mmoja, tunaruhusiwa kwa zamu. Nina mitungi 340, tajiri alioda 500 lakini Dar walitugawia kidogo kidogo. Mikubwa yako miwili nimeiweka mwisho karibu na mlango nisihangaike kuitafuta. Nikipata dizeli hapo mbele nitakuwa kwako kesho kama saa mbili asubuhi. Sogeza mitupu pembeni ya barabara, upande ule wa mkono wa kushoto kama unakuja Mtwara.